Jino la Tangi la Tatu

Jua lilikuwa limebakiza ukucha tu angani Sponji alipokabidhiwa ndoo na kuambiwa aingie chini ya lori.

"Kamwage maji ya matangi," alisema Mama Gia, mwalimu wake wa udereva. "Na leo uingie kweli. Si kunitilia alama kwenye fomu huku umesimama kule umeziba pua kama bibi harusi aliyepotea akaingia machinjioni."

Kwa asiyejua mambo haya: breki za lori hufanya kazi kwa upepo, na upepo huo hukaa kwenye matangi ya chuma yaliyoning'inia chini ya tela. Humo ndani maji hujikusanya. Basi kila jioni mtu hulala chali, huvuta kikamba, pssss, na maji machafu yaliyochanganyika na mafuta hutoka. Kazi ya dakika tano. Sponji hakuwahi kuifanya hata siku moja.

Alikuwa mtu mzima, aliyeshona magodoro miaka kumi na tisa, na ndiko jina lilikotoka. Kinyaa alizaliwa nacho. Ukimpa mkono, ananawa. Akishanawa, anaiosha sabuni. Mkewe husema siku ya harusi bwana alimkagua masikio kwanza, ndipo akasema ndiyo.

Lakini kiwanda cha magodoro kilifungwa, na watoto watatu hawali usafi. Mtihani wa leseni ya magari makubwa alikuwa ameufeli mara mbili, zote kwenye kurudi nyuma: yeye anakwenda kulia, tela linakwenda kushoto, mapipa ya alama yanakwenda kwa Mola wao. Kesho asubuhi ilikuwa mara ya tatu, na ya mwisho. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alimshikia kiti cha dereva kwenye kampuni ya kusafirisha saruji. Kiti kilikuwa kinashikiliwa mpaka kesho jioni, basi.

"Wanafunzi wangu wote hufaulu," Mama Gia alimsindikiza kwa maneno. "Hata yule aliyekuwa hajui mkono wake wa kulia ni upi. Ni wewe tu unayeniaibisha. Na ni wewe tu usiyemwaga matangi. Jiulize, baba."

Sponji alijiuliza. Akatandika gazeti, akalala juu yake, akajivuta chini ya tela huku akipumua kwa mdomo.

Tangi la kwanza. Pssss. Maji meusi, mafuta. Akafumba macho, akavumilia.

Tangi la pili. Vilevile.

Tangi la tatu lilikuwa limejificha nyuma ya tairi la mwisho. La zamani, limevimba kutu. Akaliangalia vizuri. Hakuna bomba lililoingia. Hakuna lililotoka. Lilikuwa limefungwa kwa minyororo tu, halina kazi yoyote duniani.

Kikamba lilikuwa nacho.

Akavuta.

Haikulia pssss.

Lilikohoa.

Kikohozi kizito, cha kifua cha mzee, kile kinachotafuta kitu huko chini kabla hakijakileta juu. Kisha ikaja harufu... Si ya mafuta. Ilikuwa harufu ya kinywa. Kinywa kilichofungwa muda mrefu, chenye homa, ambacho hakuna aliyekisukutua. Baada ya harufu kikatoka kitu chenyewe: kizito, cha manjano, vuguvugu, kikivutika kama utomvu hadi kwenye ndoo. Tone moja likakosa ndoo. Likamwangukia mdomoni.

Sponji akaufuta mdomo kwa kona ya gazeti, akatema, akafuta tena.

Zikafuata nywele. Mvi, ndefu, zimesokotana na makamasi, zikitoka taratibu kwenye kile kitundu kama tambi. Halafu...

*Ting.*

Kitu kigumu ndani ya ndoo.

"Nani... anakwenda... kesho?"

Sauti ilitoka kwenye chuma. Sponji alitaka kukimbia, ila mtu aliyelala chini ya lori hana pa kukimbilia. Alipogeuza shingo alikuta uso wa Mama Gia karibu na wake. Mwanamke yule na mwili wake wote alikuwa amejivuta chini ya tela naye, bila gazeti.

"Mjibu," alinong'ona. "Ni baba yangu."

"Mama Gia..."

"Aliendesha lori miaka thelathini na sita, hakugonga hata kuku. Alifia kwenye usukani, akakataa kushuka. Mjibu. Anachoka."

"Mimi," Sponji alinong'ona. "Mimi ndiye."

Tangi likashusha pumzi. Mama Gia akatia mkono kwenye ndoo, akakoroga bila haraka, akatoa jino. Gego. La kahawia, lenye tundu katikati, na mizizi yake bado imeng'ang'aniwa na uzi wa nyama.

"Chini ya ulimi," alisema. "Usilioshe. Usilimeze. Ukishapata leseni, ulirudishe hapa kabla jua halijazama, umtemee mwenyewe kwenye tundu lake."

"Siwezi, dada yangu. Niue tu."

"Basi ukashone magodoro."

Sponji alikiona kiti cha shemeji. Aliwaona watoto wake watatu wakimtazama mkononi kila akiingia. Akafumbua mdomo. Kidole cha Mama Gia kikaingia, kina ladha ya grisi na chumvi, kikasukuma lile gego mahali pake.

Usiku huo hakula. Alikaa kitandani amefumba mdomo, na mkewe alipomuuliza ana nini, akaonyesha shavu kwa kidole. Mkewe akasema, "Ukija kunibusu kwa harufu hiyo, tutagawana watoto." Ladha haikuisha. Kila alipomeza mate ilikuja mpya: ya usaha mtamu, ya tumbaku ya siku nyingi. Na jino lilikuwa likitembea. Polepole, kama konokono, likipapasa fizi zake moja baada ya nyingine, likitafuta pengo.

Asubuhi alipanda kwenye lori, na mikono yake haikumngoja. Ilishika usukani kama inashika mkono wa ndugu. Tela lote lilirudi nyuma kati ya mapipa kwa mara moja, limenyooka, likasimama. Mkaguzi, mtu mwenye ndevu nyeupe pe, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Umejifunza wapi, bwana?"

"Andika, kijana," kilisema kinywa cha Sponji. "Usipoteze wakati."

Leseni alitoka nayo saa nane mchana. Shemeji akapiga simu, akimwambia aje sasa hivi, bosi anaulizia. Sponji akatamani kulitema palepale kwenye mtaro, akasukutue kwa sabuni, kwa dawa ya choo, kwa moto. Lakini kama lingemharibia leseni? Kama lile lori la saruji lingemkataa kesho? Aliagizwa kulirudisha. Atalirudisha, aanze maisha safi.

Mama Gia alipomwona akiingia yadini, alishika kifua.

"Umerudi nalo?" Macho yalimjaa machozi. "Wenzako wote hulitema njiani. Mara kumi na saba nimemwokota baba yangu kwenye mitaro, baba wewe! Mara kumi na saba. Hakuna aliyewahi kumfikisha."

Wakajilaza chini ya tela. Sponji akaweka mdomo kwenye tundu la tangi, akatema.

Hakikutoka kitu. Akatia kidole chini ya ulimi. Hapakuwa na jino. Akapapasa mbele, nyuma... akalikuta. Lilikuwa limejipanga mwishoni, baada ya gego lake la mwisho. Akalivuta. Likauma hadi kwenye jicho. Lilikuwa limeota.

"Legeza ulimi," Mama Gia alimbembeleza, akimpapasa kisogo. "Pumua nje. Mpe pumzi. Yote, yote... hivyo hivyo."

Sponji akapumua nje, yote. Alipotaka kuvuta nyingine ndani, haikuwepo.

Giza.

Chuma baridi pande zote. Kitu cha uteute kimemfika mahali ambapo zamani alikuwa na kidevu, na kile kitu kilikuwa yeye. Nywele za watu wengine zilikuwa ndani yake. Kwa mbali, nje, akasikia mtu akijivuta changaraweni, akisimama, akijikung'uta suruali.

"Shikamoo, baba," alisema Mama Gia, akilia na kucheka.

"Marahaba, mwanangu." Ilikuwa sauti ya Sponji, sauti yake kabisa. "Mikono mizuri hii. Ila inanuka sabuni."

Simu ikalia. "Eeh, shemeji? Leseni ninayo. Nakuja." Kisha mlio wa midomo ikilambwa, bila haraka. "Lakini kwanza nipitie nyumbani. Nina mke huko. Sijabusu mtu miaka kumi na mmoja."

Sponji akapiga kelele kwa nguvu zake zote.

Chini ya tangi likadondoka tone moja, zito, vuguvugu. Mama Gia akalifuta kwa soli ya kiatu.