Chumvi na Chui wa Vidole Vitano

Jina lake lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio, lakini tangu darasa la pili hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Chumvi, kwa sababu hakuna habari iliyopita mdomoni mwake bila kutiwa chumvi. Paka mmoja akikatiza uani, yeye aliona paka watatu wakipigana. Mvua ikinyunya, kwake paa lilikuwa linataka kung'oka.

Asubuhi ya ziara ya darasa mama alikuwa akimtafutia soksi ya pili. Baba, ambaye ni fundi baiskeli, alikuwa mlangoni akijaza upepo tairi la mteja.

"Baba, jana nimeona panya wanane jikoni!"

"Wanane," baba alisema bila kuinua kichwa. "Haya, wanne."

"Kweli tena, baba!"

"Basi wawili," mama alidakia akiwa chini ya kitanda, "na mmoja wao alikuwa kivuli chako. Shika soksi hii, uvae."

Ndivyo mambo yalivyokuwa nyumbani kwao. Kila alichokisema Chumvi, baba alikigawanya kwa mbili kabla ya kukiamini. Chumvi naye hakuwa mjinga. Alikwisha kuigundua hesabu hiyo, kwa hiyo akiona panya wawili alitaja wanane, ili baba akigawanya wabaki wa kutosha.

"Leo nakwenda hifadhini," alisema akifunga kamba za viatu. "Nitaona chui."

"Ukiona nusu chui inatosha," baba alimjibu. "Msalimie shangazi yako."

Shangazi huyo, dada yake baba, alikuwa mlinzi wa hifadhi. Hifadhi yenyewe haikuwa na geti la chuma wala ofisi ya vioo. Ilikuwa mali ya wanakijiji, ambao zamani walikubaliana kuacha kukata miti, wakapanga zamu za kuulinda msitu wao. Ulikuwa msitu mkavu. Wakati wa kiangazi miti yote ilipukutisha majani, na ukiyakanyaga yalilia kama mtu anayetafuna bisi. Katikati ya msitu kulikuwa na kidimbwi kimoja ambacho hakikukauka. Ikifika saa tano wanyama walikwenda kunywa hapo, na darasa zima la sita lilikuwa limengoja muhula mzima kwenda kuwaona.

Walipofika kwenye kibanda cha walinzi, walimkuta shangazi amesimama mbele ya meza, buti miguuni na filimbi shingoni.

"Shikamoo!" walimwamkia kwa pamoja kabla hata hajafungua mdomo.

"Marahaba, wanangu. Kabla ya kwenda kidimbwini tutafanya mzunguko mdogo hapa karibu, kisha kila mmoja ataandika alichokiona. Sikilizeni vizuri, maana hapa tuna utaratibu wetu."

Juu ya meza kulikuwa na daftari kubwa, limefungwa kamba kwenye mguu wa meza lisije likatembea. Kila ukurasa ulikuwa na safu tatu: *Nimeona*, *Nimesikia*, *Nimeambiwa*. Shangazi alieleza kila safu ina kazi gani, na nini hufanyika mtu anapoandika mnyama mkali. Alieleza polepole, akarudia mara mbili. Darasa zima lilisikia, isipokuwa mtu mmoja. Chumvi alikuwa nyuma, akimweleza kiranja jinsi chui alivyowahi kumfuata mpaka mlangoni kwao.

"Leo utaandika," kiranja alimwambia. Alikuwa msichana mrefu, mwenye mwandiko mzuri na maneno machache. "Tutaona utaandika nini."

Maneno hayo yalimchoma Chumvi.

Walizunguka kwa nusu saa. Kiranja aliona nyani watatu juu ya jabali. Wengine waliona digidigi, wengine kanga, na mvulana mmoja mwenye bahati aliona nyoka akivuka njia, akapiga kelele mpaka mwalimu naye akaruka. Chumvi aliona siafu. Aliwaona kwa sababu walikuwa wamepanda ndani ya soksi yake, ile ya chini ya kitanda, na wakati wenzake wakitazama juu ya miti yeye alikuwa akicheza ngoma isiyo na jina kwa mguu mmoja.

Angeandikaje siafu? Kiranja ana nyani watatu, yeye ana siafu! Alijisikia vibaya kweli. Akabaki nyuma, akajifanya anafunga kamba za kiatu, na hapo akaona vumbi laini pembeni mwa njia. Alikandamiza kiganja chake vumbini. Kisha akachomeka ncha za vidole, kimoja kimoja, vyote. Mwisho akachukua kijiti, akachora makucha marefu ya kutisha. Alisimama, akaiangalia kazi yake, akaipenda.

Alitimua mbio hadi kibandani akihema. "Chui! Jamani, chui! Mkubwa kama ng'ombe!"

"Umeona alama au umemwona mwenyewe?" kiranja aliuliza.

Angesema alama, pengine mambo yangeishia hapo. Lakini wenzake wote walikuwa wamemzunguka, macho yamewatoka.

"Mwenyewe," alisema. "Amenikonyeza."

Shangazi alimtazama. Akamsogezea daftari na kalamu. Chumvi akaandika chini ya safu ya *Nimeona*, kwa herufi kubwa: *CHUI MMOJA. MKUBWA.*

Alikuwa akingoja makofi. Badala yake shangazi aliweka filimbi mdomoni, akaipuliza mara tatu kwa nguvu. Ndege wakaruka, kanga wakatawanyika, na kutoka mbali filimbi nyingine ikaitikia.

"Njia ya kidimbwini imefungwa mpaka kesho," shangazi alitangaza. "Kila aliye msituni anabaki palepale alipo mpaka afuatwe na mlinzi. Mwalimu, waingize watoto kibandani."

"Mpaka kesho?" darasa lilipiga yowe. Mmoja alianza kulia. Chumvi alikuwa ametaka watu washangae tu, basi. Hakuwa ametaka filimbi.

Kabla hajajua afanye nini, sauti ya mwanaume ilisikika kutoka upande wa miti mirefu.

"Enyi wa kibandani! Ni mnyama gani?"

"Chui!" shangazi alijibu kwa kupaza sauti. "Uko wapi, mzee?"

"Niko juu ya mti! Kwenye mzinga!"

Alikuwa mfuga nyuki wa kijiji, mtu mnene na mcheshi ambaye kila mtoto alimfahamu kwa kofia yake yenye wavu. Asubuhi ile alikuwa akikagua mizinga yake.

"Baki hapohapo, nakuja!"

"Nibaki vipi? Kopo langu la moshi linazimika! Moshi ukiisha hawa nyuki wataanza maswali!" Kisha akakumbuka jambo. "Tena chui si anapanda miti?"

"Anapanda!"

"Sasa mimi nifanye nini? Nikishuka chui, nikibaki nyuki! Na kofia yangu ya wavu imeanguka! Lo! Ameshaniuma mmoja! Sikio!"

Watoto walicheka, na mwalimu pia aligeuka pembeni mabega yakimtikisika. Chumvi peke yake hakucheka. Yeye ndiye aliyemletea mzee yule chui.

"Nionyeshe ulipomwona na alama zake," shangazi alimwambia, "nijue ameelekea wapi, ili nipite njia salama."

Walikwenda wawili tu. Shangazi alipiga goti vumbini. Akatazama muda mrefu, akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Chui akikanyaga huacha vidole vinne. Huyu ana vitano. Tena chui huficha makucha anapotembea. Huyu ameyatoa yote kama anakwenda kuchimba viazi." Akatazama mbele, akatazama nyuma. "Na ana mguu mmoja. Sijui alifika hapa kwa kurukaruka au alishushwa kwa kamba."

Chumvi alitazama viatu vyake. Kutoka mitini sauti ilisikika tena: "Sikio la pili!"

"Shangazi, si unamwambia tu ashuke?"

"Siwezi."

"Lakini umeshajua alama si ya chui!"

"Alama naweza kuikataa. Macho yako siwezi." Shangazi alisimama, akajipangusa goti. "Umeandika umemwona mwenyewe. Labda alama hii ni mchezo na chui yupo kweli. Mimi nikimshusha mzee kwa kubahatisha, halafu chui awe chini ya mti? Katika daftari letu mstari haufutwi na mlinzi, wala mwenyekiti, wala mwalimu. Unafutwa na mkono uliouandika."

Chumvi aliwafikiria kiranja na darasa zima kule kibandani. Wangemcheka mpaka amalize shule. Alitamani vumbi lile limmeze.

"Pua!" mti ulilia. "Sasa wamehamia puani!"

"Hakuna chui!" Chumvi alipiga kelele kwa nguvu zake zote, na machozi yakamtoka. "Shuka, mzee! Hakuna chui! Ni mimi! Nimechora kwa mkono wangu!"

Kisha wakasikia matawi yakikatika, kitu kizito kikiteleza, na buti mbili zikikanyaga majani makavu kwa kasi kubwa. Mfuga nyuki aliwapita kama hawajui, akaingia kibandani, akatumbukiza kichwa kizima kwenye ndoo ya maji.

Chumvi aliingia nyuma yake. Darasa zima lilikuwa limesikia. Hakukuwa na haja ya kueleza. Alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya *CHUI MMOJA. MKUBWA.* Pembeni akaandika: *Si kweli. Niliona siafu.* Halafu akaenda kwenye ndoo.

"Mzee, nisamehe. Nimekutesa bure."

Mfuga nyuki aliinua uso. Masikio yalikuwa mekundu na pua imejaa kama kiazi.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema kwa sauti ya puani. "Ila nikuombe kitu kimoja. Siku nyingine ukitaka kutunga mnyama, tunga sungura."

Hapo kila mtu alicheka, na Chumvi akacheka kidogo huku akifuta machozi.

Shangazi hakucheka. Alimwekea mkono begani.

"Nyumbani ukitia chumvi kaka yangu anagawanya kwa mbili, maisha yanaendelea. Lakini hapa hatugawanyi. Mtu anapanda mti au anashuka kwa neno lako. Kina mama wanapitia njia hii na watoto mgongoni kwa sababu daftari limesema ni salama. Wakianza kutuamini nusunusu, hatuna tena hifadhi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi."

"Sawa. Na umefuta mwenyewe, mbele ya watu. Hilo nimeliona kwa macho yangu." Akapuliza filimbi mara moja, ndefu. "Njia imefunguliwa! Twendeni kabla wanyama hawajamaliza kunywa."

Kidimbwini walilala kifudifudi nyuma ya magogo. Digidigi walikuja wawiliwawili, nyani wakaja na watoto wao, kanga wakagombana ukingoni. Chumvi alikuwa mwisho wa mstari, karibu na kichaka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alinyamaza. Kichaka kikatikisika. Kitu cha kijivu kikapita mbele yake, mkia umesimama wima, kikatokomea upande wa pili.

Waliporudi kwenye daftari, alisimama akiwa ameshika kalamu bila kuandika.

"Shangazi, mimi sikuona uso. Niliona makalio tu, na mkia uliosimama. Nafikiri ni ngiri, lakini uso sikuuona. Niandike nini?"

"Andika ulichokiona."

"Niandike makalio?"

"Andika *sehemu ya nyuma*," mwalimu aliingilia haraka.

"Mwalimu, hapa tunaandika kilichoonekana," shangazi alisema. "Mwanangu, andika makalio."

Ikaandikwa hivyo, chini ya *Nimeona*: *Makalio ya mnyama mmoja, ya kijivu. Mkia wima. Nadhani ngiri.* Shangazi alisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema kwamba mstari huo ulikuwa mzuri kuliko yote ya siku hiyo. Kiranja alichungulia, akasema, "Kweli, umeeleza vizuri."

Jioni baba alikuwa bado mlangoni, sasa akiziba pancha.

"Haya, lete habari. Chui wangapi?"

"Hakuna chui, baba. Nilisema yupo, nikamfanya mfuga nyuki aumwe masikio na pua. Nimemwomba msamaha. Halafu nikaona makalio ya ngiri."

Baba aliacha kazi. Mama akatoka jikoni, kijiko mkononi.

"Ngiri wangapi?" baba aliuliza.

"Mmoja. Makalio tu."

"Tukigawanya kwa mbili," baba alianza kwa mazoea, "litabaki kalio moja..."

"Usigawanye, baba," Chumvi alisema. "Yako kwenye daftari."

Baba alimtazama usoni. Kisha akajipangusa grisi mkononi, akavuta kigoda, akakikung'uta vumbi.

"Basi yote mawili," alisema. "Kaa hapa, mwanangu, unieleze tangu mwanzo."