Umbali wa Mtu wa Sitahani

Kaka yangu yu hai, na wiki iliyopita tulikula naye chakula cha mchana. Natanguliza hilo ili mtu asije akanipa pole bure. Anafanya kazi, anacheka, anakula akashiba. Ninachosimulia ni kilichomkuta mwaka ule aliokaa peke yake, na sehemu ya mwisho niliiona kwa macho yangu.

Yeye ni fundi miwani. Hakai mbele dukani na wateja. Anakaa chumba cha nyuma kwenye mashine ya kusaga lenzi, na kazi yake ni kuhakikisha kioo kinaingia kwenye fremu bila kucheza hata unywele. Wenzake walimbandika jina la Nahodha, kwa sababu ya mchezo wa kompyuta ambao alikuwa hachoki kuuzungumzia. Ni mchezo wa nyambizi: wewe ndiye nahodha, umejificha chini ya maji, unachungulia juu kwa periskopu, ile darubini ndefu, unawinda meli za adui.

Wifi yangu alipofariki, mchezo ule ukawa ndio mwenzake. Hawakujaliwa mtoto. Jumamosi alikuwa anatoka kazini mchana, ananunua mkate na maziwa, anajifungia ndani. Nikimpigia simu nasikia mvumo wa bahari ya kwenye spika. Nyumba aliiacha vilevile kama ilivyokuwa, mpaka kandambili za wifi pale mlangoni, ncha zimeelekea nje.

Mimi na magemu ni mbingu na ardhi, lakini alinieleza mara nyingi hata nikaelewa. Kuna njia mbili za kujua meli iko umbali gani. Ya kwanza, kompyuta inakupimia. Ya pili, unapima mwenyewe: unatazama mlingoti wa meli umechukua nafasi kiasi gani kwenye vistari vya periskopu, unaangalia meli ya aina hiyo ina mlingoti wa urefu gani, unapiga hesabu, unapata umbali. Kaka alitaka ya mkono. Tatizo ni kwamba makombora yake yalikuwa yanapita pembeni, hata akipima kwa uangalifu namna gani. Mtu wa kusaga lenzi hawezi kulala na jambo kama hilo.

Akaingia ndani ya mafaili ya mchezo. Akakuta vistari vya periskopu vinavutika vibaya kwenye skrini pana, na urefu wa milingoti ulioandikwa haulingani na meli zilivyochorwa. Akaanza kurekebisha, meli moja baada ya nyingine. Wachezaji wenzake wa mtandaoni, watu ambao hajawahi kuwaona sura, wakawa wanamsifu na kumwomba amalize upesi. Nilifurahi. Nilisema moyoni, angalau kuna mahali anasubiriwa.

Siri ya kipimo kile, alisema, ni urefu. Ukikosea urefu umekosea kila kitu. "Ukidhani mlingoti ni mrefu, kumbe mfupi, basi meli iko karibu kuliko unavyofikiri."

Ili kujaribu kazi yake alitengeneza bahari tupu. Haina kisiwa, haina upepo, haina adui. Anaweka meli moja kwa umbali anaoujua, anapima, analinganisha. Alasiri moja akanipigia, sauti yake ya kawaida kabisa, akaulizia hali ya nyumbani, mume wangu, homa ya mkwe wangu. Halafu akasema kuna meli ya pili. Hakuiweka yeye.

Ilikuwa ndogo, haitoi moshi, haina bendera, na mlingoti wake umekatika. Juu ya sitaha kulikuwa na mtu. Sasa, kwenye mchezo ule meli hazina watu. Waliouunda hawakuchora hata baharia mmoja. Nikamwambia huo ni utani wa wenzake wa mtandaoni. Alikuwa ameshawauliza, na hakuna aliyewahi kuiona. Alikuwa ameshapekua mafaili yote, haimo. Alizima, akawasha, akaitengeneza bahari upya tangu mwanzo. Meli ilikuwa palepale. Na yule mtu pia.

Baada ya hapo akawa hapokei simu. Aliyenishtua ni mkubwa wake wa kazi, mpima macho, mwanamama asiye na makuu. Alisema kaka anakuja kazini kama kawaida, ila hasemi na mtu, anasaga lenzi huku amefumba jicho moja, na saa za kutoka zikikaribia anaanza kutabasamu peke yake.

Nilikwenda Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mvua ilikuwa inanyesha, ile nyembamba isiyo na haraka. Alinifungulia akiwa amenyoa ndevu, amevaa shati alilofungia ndoa. Nikafurahi, nikadhani amepona. Mezani kulikuwa na vikombe viwili, vyote vimejaa chai, nami sikuwa nimemwambia kwamba nakuja.

"Keti, mdogo wangu," alisema. "Ila si kiti hicho."

Akanieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayechunga asimwamshe mgonjwa. Kwa vile meli haikuwa na mlingoti, aliamua kumpima yule mtu. Kwenye nafasi ya urefu akaandika urefu wa wifi. Hakuhitaji kufikiri, siku seremala alipouliza vipimo vya jeneza, alivitaja kwa kichwa. Nikamuuliza kwa nini urefu wake, kati ya watu wote duniani. Akasema anavyosimama ni yeye. Na kila siku umbali ulikuwa unapungua, ingawa meli ile haikuwa na injini inayounguruma na nyambizi yake alikuwa ameisimamisha. Sasa ulikuwa umebaki kama kutoka tulipo mpaka getini. Kwa hesabu yake, angefika kabla ya wiki kwisha. Aliyasema hayo kwa utulivu wa mtu anayesubiri basi.

Nikainama nikatazama. Bahari rangi ya jivu. Duara la periskopu. Meli yenyewe haikuonekana sawasawa tena, maana mtu alikuwa ameziba karibu yote. Umbo jeusi, kama aliyejifunika shuka kuanzia kichwani. Sikumwona wifi yangu pale. Sikuona uso wowote.

Ningemwambia huyo si mkeo, angenitoa nje. Nikamuuliza tu kama ana hakika na ule urefu.

Nadhani hilo ndilo swali pekee ambalo fundi yule asingeweza kulipita. Akakiri kuna njia ya kuhakikisha. Unapima, unarudisha nyambizi nyuma kwa umbali unaoujua, unapima tena. Vipimo viwili vile vinakupa urefu wa kweli, bila kubahatisha. Hakuwahi kuifanya. Hakuona haja.

"Pima, kaka," nilimwambia.

Akapima. Akarudisha nyambizi nyuma, polepole. Akapima tena. Akabonyeza kikokotoo, akafuta, akabonyeza upya. Mvua ilikuwa imekata na sikuwa nimetambua imekata saa ngapi. Hata ile bahari ya kwenye spika ilikuwa kimya.

Mkono wake ukasimama.

"Si yeye," alinong'ona.

Akanionyesha kwa kiganja, kutoka sakafuni. Kikaishia kiunoni mwangu. Nikauliza kama ni mtoto. Akatikisa kichwa, akasema niangalie mabega.

Nikaangalia. Yalikuwa mapana. Mapana kuliko ya kaka. Na chini ya shuka ile, pande mbili, kulikuwa na vitu viwili vimechomoza. Nikavitazama mpaka nikavijua. Magoti.

Hakuwa amesimama. Siku zote hizo alikuwa amechutama.

Na kama urefu si ule, basi na umbali si ule. Kaka akaupiga upya. Hakuutaja. Aliinua macho tu, bila kugeuza kichwa, akayapeleka pembeni, upande wa nyuma yetu.

"Si getini," alisema. "Ni mlango wa korido."

Sikugeuka. Nilitaka, shingo ikakataa. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe mezani. Mara moja. Taratibu, kama mtu anayekoroga asitake kusikika.

Nikapiga magoti, nikauvuta waya, nikang'oa plagi ukutani. Skrini ikazima. Nikahesabu pumzi zangu, ndipo nikageuka. Korido ilikuwa tupu. Mlango umefungwa. Mezani, kikombe cha kaka kilikuwa kimejaa hadi ukingoni na chai imepoa. Kile kingine kilikuwa kitupu.

Kaka hakuwa ameondoka kwenye kiti. Alikuwa amefumba jicho la kushoto, la kulia amelikodolea skrini iliyozimika.

"Bado namwona," alisema.

Nilimchukua siku hiyohiyo. Mume wangu alikwenda kufuta kila kitu kwenye kompyuta, akaigawa, na wala hakutaka kujua zaidi. Kwetu, kaka alilala siku nyingi kuliko alizokuwa macho. Kisha akaanza kuomba chakula. Akaanza kumtania mume wangu. Yule mtu, alisema, alikuwa anafifia, mpaka asubuhi moja hakumwona tena. Kwenye mtandao hakurudi. Nadhani wale wenzake bado wanauliza Nahodha yuko wapi.

Kuna jambo moja aliniambia tukiwa tunaanika nguo, nami silisahau. Alisema kilichomuumiza si woga. "Woga ulikuja mwishoni. Kabla ya hapo, mdogo wangu, kulikuwa na mtu anakuja kwangu. Kila siku anakaribia. Hujui ilivyokuwa tamu."

Nilimpa shati lingine aanike.

Alipoanza kazi tena, mpima macho alisisitiza amwangalie jicho la kulia. Wana mashine inayopiga picha ndani ya jicho, mpaka ukuta wake wa nyuma. Picha ilionyesha jicho zima, zuri, ila chini kabisa kulikuwa na alama ndogo nyeusi, mviringo, imejikunja. Alisema ni kovu, na kovu halina neno, kwa sababu halibadiliki.

Wiki iliyopita, baada ya kile chakula cha mchana, tulipita dukani akapigwa picha nyingine. Kaka alitoka nje kupiga soga na wenzake. Nilikuwa namsikia akicheka. Mpima macho aliziweka picha mbili ubavu kwa ubavu kwenye skrini, akanisogezea kiti.

Alama haikuwa imeongezeka upana. Ilikuwa imeongezeka urefu.

Kwenye picha ya pili, imesimama.