Vipande Ishirini vya Rihem

Kila alasiri akitoka shule, Rihem alipita nyumba ya wazee kumpelekea Bibi Manubia, jirani yao wa zamani, mkate wa moto kutoka kwa mama yake. Kisha alipanda ngazi ndefu za mawe hadi ukumbini, ambako wanawake wa mtaa walikutana kufuma. Mji wa Kef, huko Tunisia, una baridi kali mwezi wa Januari, nao walikuwa wameazimia kuwafumia wazee mablanketi. Kabla ya kuyagawa, wangeyatandaza juu ya ngazi zile, toka chini mpaka juu, mji mzima uje utazame.

Kila mmoja alipewa uzi wa sufu wa kufuma vipande ishirini. Rihem alikuwa na miaka kumi na miwili, na vidole vyake havikuwa na subira. Alifuma vitatu, vyote vikaenda upande.

Bibi Manubia aliviona mkobani. "Hivi ni vipande au masikio ya punda? Hebu lete huo uzi."

"Lakini mablanketi ni yenu, bibi."

"Nimekuomba blanketi mimi? Ninayo mawili. Mikono yangu ndiyo haina kazi."

Rihem akamwachia uzi. Wiki ilipokwisha, vipande ishirini vilikuwa tayari, vyekundu na vya buluu, kingo zimenyooka kama zimepigwa rula. Bi Suad, kiongozi wa kikundi, aliviinua wenzake wavione.

"Umefuma mwenyewe?"

"Ndiyo," Rihem akajibu, uso ukimwaka moto.

Siku ya maonyesho, kadi yenye jina lake ilibandikwa kwenye blanketi la katikati, lililounganishwa kwa vipande vile. Wageni walijaa. Wazee nao waliletwa, wakaketishwa mbele. Bibi Manubia aliisoma ile kadi, akamtazama Rihem, kisha akageuza uso pembeni.

Afadhali angemgombeza. Rihem alimvuta Bi Suad kando, akamweleza yote.

"Tutaongea kesho," Bi Suad akanong'ona. "Wageni wamekuja kuona tunavyowasaidia wazee. Tukisema wazee wamejifumia wenyewe, tutaonekanaje?"

"Tutaonekana tulivyo."

"Rihem, kaa chini."

"Sikai."

Alipanda ngazi, akabandua kadi, akawageukia watu. "Blanketi hili si kazi yangu. Nilidanganya. Amelifuma Bibi Manubia, yule pale."

Minong'ono ikaenea. Bibi Manubia akainuka taratibu kwa mkongojo wake. "Basi kama ni langu, silitaki. Wapelekeeni hili na mengine yote watoto wa shule ya bweni kule mlimani, wanaolala na makoti. Sisi tuleteeni uzi."

"Na sindano," akadakia mzee mwenzake.

"Lakini bibi, tumeyafuma kwa ajili yenu," Bi Suad alisema.

"Tuliwatuma?"

Watu wakaangua kicheko. Bi Suad naye akacheka hadi akafuta machozi. Mablanketi yote yalipelekwa mlimani, na tangu hapo kila Alhamisi wazee walikuja ukumbini kufuma pamoja na wengine.

Rihem alitakiwa afume upya vipande vyake ishirini, vya blanketi jingine la kupelekwa mlimani. Bibi Manubia alivikagua sita vya kwanza, akamrudishia vyote.

"Bibi, si nimeshakiri kosa mbele ya watu wote?"

"Umekiri, na nimefurahi sana. Siku ile ulikuwa jasiri kuliko watu wazima. Lakini kipande kilichopinda hakinyooki kwa sababu mfumaji amesema kweli. Huyo mtoto wa mlimani anataka blanketi lisilopitisha upepo, na wewe unataka jina linalotokana na kazi yako mwenyewe. Ukweli umeshausema. Sasa fanya kazi. Fumua, uanze tena."

Rihem akatafuta ncha ya uzi, akaanza kufumua.