Edvina na Neno Subiri

Kidogo Edvina atobolewe jicho. Alikuwa akipita stendi ya Bukoba asubuhi, watu wamejaa, gauni lake la kitenge cha njano limepigwa pasi vizuri, mara bomba lenye kona likampita puani. Kijana aliyelishika, karatasi ya mchoro mkono wa pili, alikuwa akililazimisha liingie kwenye buti la basi la Muleba huku akibwata.

"Mjinga gani kachora kona inayotazama ukutani?"

"Mjinga ni mimi," alisema Edvina. "Na mchoro umeushika kichwa chini miguu juu, waitu, ndugu yangu."

Ndivyo alivyomfahamu Mujuni. Yeye Edvina alichora mabomba kwenye kompyuta ofisini Rwamishenye; Mujuni aliyakata na kuyachomelea karakana ya Muleba, akifuata programu ileile kwenye tableti. Kila bomba lilikuwa na alama yake: Kata, Chomea, au Subiri. Subiri maana yake mchoro una kasoro, usiguse mpaka urudiwe. Waligombana kwa simu kila siku juu ya alama hizo, na ugomvi ukiisha hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata simu.

Alhamisi moja Mujuni akamwandikia: "Mpenzi, Jumamosi nije na wazee kwenu Nshamba?"

Edvina alikuwa kikaoni, bosi wake, mzee Rugaibula, amemkodolea macho. Akajibu haraka: "Subiri." Jioni alipopiga kusema ndiyo, simu ilikuwa imezimwa, na Ijumaa vilevile. Hata hivyo alimpa mama yake habari, na mama akapika. Jumamosi matoke yakapoa mezani, na Edvina akala aibu mbele ya shangazi zake.

Jumatatu akashuka Muleba na gauni lilelile, hasira zimemfika kooni.

"Mujuni, ulikuwa wapi?"

"Uliniandikia Subiri." Hakumtazama. "Nikajua umeniona nina kasoro. Nimeomba kuhamia Mwanza."

"Mimi nilikuwa kikaoni, mwanaume wewe. Subiri ni subiri tu, kama watu wengine wanavyosema."

"Kwetu hapa Subiri ni usiguse."

Edvina alishusha pumzi. Alimpenda mtu huyu, naye mtu huyu alimchosha kupita kiasi. Akamnyang'anya tableti, akafungua kazi mpya, akaandika: Mujuni, Nshamba, Jumamosi. Akaweka Subiri, kisha akaiondoa. Programu ikamuuliza sababu. Akaandika: "Hana kasoro. Nampenda, ila anachosha."

Alikuwa amesahau kwamba kila Subiri inayoondolewa hutangazwa kwa wote. Simu za mafundi zikalia karakana nzima. Mujuni alisoma yake, akaisoma tena, akaanza kucheka huku machozi yakimlengalenga.

Ya Edvina nayo ikaita. Alikuwa mzee Rugaibula.

"Edvina, hii ni kazi ya mteja gani?"

"Ni yangu, mzee," alisema, mkono wake tayari mkononi mwa Mujuni. "Na wewe ndiye mshenga."