Chumba Kinachovuma

Jumamosi asubuhi duka la vipuri vya umeme lilikuwa limejaa hadi mlangoni, na msomaji alikuwa ameshachoka kusukumwa. Alifuata waya tu. Kazi yake ni kusoma vitabu mbele ya maikrofoni ili watu wasikilize wakiwa jikoni au safarini, na waya wake ulikuwa umekatika. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu, shati la bluu limenyooshwa vizuri, ameiweka feni ndogo sikioni kama anayepokea simu.

"Hiyo ina kelele, kaka," msomaji alimwambia. "Jaribu ile ya pili."

"Umejuaje, na hata hujaigusa?"

"Masikio ndiyo yananilisha."

"Basi leo yanilishe na mimi. Nina seva sita nyumbani. Feni zake zikikolea, jirani anadhani nimefungua mashine ya kusaga."

Walijaribu feni kumi na nane, moja baada ya nyingine, muuza duka akiwatazama kwa jicho baya. Msomaji alirudi nyumbani bila waya, ila na namba ya simu ya yule mwanamume, fundi wa kompyuta.

Miezi minane baadaye walikuwa wakizungumzia ndoa. Kikwazo kilikuwa kimoja, nacho hakikuwa mtu. Seva za fundi, kompyuta zisizozimwa usiku na mchana, zilitunza kumbukumbu za maduka matatu ya dawa, na chumba chake kilipakana na kile alichomwandalia msomaji kwa kazi yake. Kila aliporekodi, lile vumo liliingia katikati ya maneno. Fundi alipunguza kasi ya feni, joto likapanda. Akairudisha, vumo likarudi.

"Shangazi, pale siwezi kusoma," msomaji alilalamika kwenye simu. "Na nisipoweza kusoma, siwezi kuishi."

"Wenzako wanakataa wanaume kwa ulevi, mwanangu. Wewe unakataa feni."

Jumatano moja fundi alitoka kwenda kwa mteja. Msomaji, aliyekuwa na ufunguo, akaja na sponji nene za kuzuia sauti, akazibandika kwenye chumba cha seva: ukutani, mlangoni, na juu ya matundu yote aliyoyaona. Alitaka kumshangaza mpenzi wake. Nyumba ikatulia, akasoma sura mbili kwa raha ambayo hakuwahi kuipata mle ndani.

Saa nane simu ikaita.

"Mpenzi, kuna umeme hapo? Maduka yote ya dawa hayaoni kumbukumbu zao."

"Umeme upo. Kumetulia kabisa."

Fundi alishtuka. "Kumetulia vipi?"

Alifika akihema, akafungua mlango wa seva, na joto likawapiga usoni wote wawili. Mashine zilikuwa zimejizima zenyewe zisiungue. Alibandua sponji moja baada ya nyingine bila kumtazama.

"Matundu haya ndiyo yanatoa joto," alisema. "Ungeniuliza. Lakini kwako kazi yangu ni kelele tu."

Msomaji alichukua mkoba wake akaondoka.

Siku tisa hawakupigiana. Msomaji alisoma vibaya, akarudia kurasa, akajikuta anawaza matundu. Katika kazi yake, ufa ukiachwa wazi umeharibu siku nzima. Katika kazi ya fundi, ufa ukizibwa umeua mashine. Walikuwa wamependana miezi minane na hakuna aliyemweleza mwenzake jambo hilo dogo, na hilo lilimuuma kuliko yale maneno.

"Umemwomba radhi?" shangazi aliuliza.

"Nilitaka kumfurahisha."

"Sikukuuliza ulitaka nini."

Jioni hiyohiyo alipiga simu.

"Nisamehe," msomaji alisema mara fundi alipopokea. "Niliziba bila kukuuliza. Na nina swali. Hewa lazima iende moja kwa moja, au inaweza kupinda?"

"Inaweza. Mradi njia iwe pana."

"Sauti ikipinda mara mbili kwenye sponji, inachoka."

"Kwa hiyo sponji zikae ndani ya njia, siyo mdomoni mwake." Alishusha pumzi. "Na mimi nisamehe, laazizi. Kelele niliyoipiga siku ile ilizidi ya feni."

Walipima pamoja na kukata mbao pamoja, wakajenga njia pana ya hewa yenye kona mbili, wakaitandika sponji ndani, na kuweka feni moja kubwa ya mwendo wa pole upande wa nje. Walibishana kuhusu misumari siku nzima. Kufikia Jumapili mchana kipimajoto cha chumba cha seva kilisimama kwenye nyuzi ishirini na sita na hakikupanda tena.

Msomaji alikaa mbele ya maikrofoni, akavaa hedifoni, akafumba macho. Fundi alisimama mlangoni kama anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Nasikia kitu," msomaji alisema.

Uso wa fundi ukasawijika. "Feni?"

"Hapana. Wewe, unavyopumua."

"Basi natoka."

"Kaa. Nikihamia hapa nitakusikia kila siku, heri nianze kuzoea."

Fundi alivuta kiti taratibu, akakaa. "Umesema ukihamia?"

"Nimesema," alijibu, akafungua kitabu. "Sasa nyamaza, mume wangu. Nasoma."