Shavu Bapa la Muthana

"Taqiya, usikate simu."

"Sema. Lakini kwanza tema hicho kilichomo mdomoni, sikusikii vizuri."

Muthana akatema. Shavu lake la kushoto, lililojaa mirungi tangu adhuhuri, lilikuwa limevimba hata mbuzi wa kijiji kizima walimfuata njiani wakidhani amebeba malisho. Siwatanii.

"Rudi nyumbani, mke wangu."

"Nirudi kwa nani? Uliniacha zahanati na homa yangu, ukasema unakuja sasa hivi. Baraza likakunogea. Nimepanda mlima kwa miguu mpaka huku kwa baba, mvua juu yangu."

"Nilipitiwa."

"Hukupitiwa, ulikuwa unatafuna. Sasa sikiliza. Siku utakayoweza kukaa alasiri nzima shavu likiwa bapa, njoo kwa baba unichukue. Kabla ya hapo, tafuna salama."

Akakata.

Alasiri ya kwanza Muthana aligombana na punda, na punda akashinda. Ya pili alilala, akaota kitita cha mirungi kinamwita kwa jina lake la utotoni. Akaona akikaa bure ataumbuka. Basi kila saa ya kutafuna ilipofika, wenzake wakipanda barazani, yeye alishuka matutani kujenga upya kuta za mawe zinazozuia udongo wa shamba, zilizobomolewa na mvua. Jioni akawa anakula kama mtu, usiku analala kama gogo.

Akamwandikia mkewe: "Leo nimebeba mawe. Mgongo huu si wangu tena."

Taqiya akajibu: "Nasikia hata mbuzi wamekukimbia."

Mtama ulipokomaa, akaenda na ami yake kwa mkwewe, Mzee Hizam, kuomba suluhu. Kwetu suluhu hukaliwa chumba cha juu, na haikaliwi mdomo mtupu. Mzee akachagua matawi ya mirungi laini kuliko yote, akamrushia Muthana mapajani mbele ya wageni.

"Tafuna, mwanangu. Nusu ya msamaha hiyo hapo."

Simu ya Muthana ikatetemeka, ujumbe wa Taqiya: "Niko nyuma ya mlango."

Kukataa ni kumvunjia mwenyeji heshima. Kukubali ni kurudi peke yake.

"Baba mkwe, heshima yako naiweka kichwani," akasema, na kweli akayachomeka yale matawi kwenye kilemba chake. "Mdomoni haiingii tena."

Mzee akamtazama, akatikisa kichwa.

"Mtu asiyetafuna atavumiliaje maneno yetu mpaka magharibi?"

"Nipe kazi. Nimeona ukuta wako wa chini umelala."

"Haya, kauamshe."

Akashuka. Wazee wakajazana madirishani, mashavu yamefura, kila mmoja amegeuka fundi.

"Lile kubwa liweke chini."

"Usimsikilize huyo, liende juu."

Taqiya akatoka na birika la kahawa ya maganda ya buni, tangawizi inanukia.

"Macho yako hayatoki kwenye mashavu ya wazee."

"Bado natamani. Sikudanganyi."

"Na ukitamani tukiwa nyumbani?"

"Nitajenga."

"Basi tutaishi ndani ya ngome." Akacheka, akampangusa vumbi shavuni, akaliminya kidogo ahakikishe. Kisha akaingia ndani, akatoka na mkoba wake begani.

Mzee Hizam akachomoza dirishani.

"Taqiya, suluhu nimeikubali, lakini fundi wangu unampeleka wapi? Ukuta haujaisha."

"Mawe yapo, Baba, na mikono unayo. Na alasiri yako ndiyo kwanza inaanza."