Nguo Isiyofuliwa

Msusi alifunga saluni kabla jua halijazama siku ile, na hilo peke yake liliwapa majirani la kusema, maana hakuwa mtu wa kufukuza wateja. Alitoka na kikapu mkononi, kitambaa safi kimetandikwa ndani, mwendo wenyewe wa mtu anayekwenda kupokea mgeni wa heshima.

Kumbe mgeni ni mtoto wa mbwa.

Alikuwa wa Kidoti, binti yake wa pekee, aliyeitwa hivyo kwa alama nyeusi chini ya sikio la kushoto, ndogo kama punje ya ulezi. Tangu baba yake azikwe, mtoto yule halali. Akilala, basi ni juu ya kifua cha mama, vidole viwili mdomoni, mkono mwingine umemkaba mama shingo utadhani naye ana safari. Hata msalani walikwenda wawili. Msusi alichoka hadi akawa anasinzia huku kitana kimekwama kichwani kwa mtu.

Aliyempa wazo ni mteja wake mmoja, mwanamke mwenye kucha za kufukulia viazi, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Makucha. Alikuwa amekaa chini ya draya, jibwa lake nono limejikunja miguuni pake.

"Mpatie mbwa, shoga yangu. Wangu alikuwa vivyo hivyo. Nenda kwa Bibi wa Mbwa, yule anayewaokota waliotupwa mitaroni, akawalea mpaka wapate kwao. Wala hatozi kitu."

"Na mwanao siku hizi analala?"

Makucha aliinamisha macho, akatazama miguuni.

"Analala sana," alisema.

Msusi angechimba zaidi, maana umbea naye aliujua. Lakini draya ilikuwa inavuma, na usingizi ulishamshika.

Bibi wa Mbwa alikuwa na sharti moja tu. Apelekewe kwanza nguo ya mtoto, iliyovaliwa, isiyofuliwa, mbwa ailalie siku kadhaa ili azoee harufu ya kwao. Jambo la akili kabisa, nani angekataa? Msusi alipeleka gauni la kulalia la Kidoti, doa la uji kifuani.

Sasa jioni hii ndiyo alikuwa anakwenda kumchukua.

Nyumba ilinuka maziwa ya moto na sabuni. Bibi mwenyewe alikuwa mwembamba, mpole, sauti yake ya kunong'ona kama mtu aliyelaza mtoto sasa hivi. Alimwingiza chumba cha nyuma. Maboksi yalijaa ukuta hadi ukuta, na ndani ya kila boksi mtoto wa mbwa amelalia nguo ya mtoto wa mtu. Sweta la shule. Soksi moja. Fulana yenye picha ya gari.

Hakuna aliyebweka.

"Mbona wamenyamaza hivi, bibi?"

"Wanasikiliza."

Wa Kidoti alikuwa boksi la mwisho. Alilala ubavu, mguu wa mbele mdomoni, anaunyonya... nyu, nyu, nyu. Msusi akacheka kwa sauti.

"Jamani! Kama Kidoti wangu!"

"Ndiyo," bibi alinong'ona. "Huyu anajifunza upesi."

"Na lile gauni liko wapi?"

"Limeisha."

"Nguo nayo huisha, bibi?"

Bibi alitabasamu tu. "Jina usimpe. Atalipata."

Usiku ule Kidoti alilala kitandani kwake, peke yake, mbwa kwapani. Msusi alilala kama gogo. Asubuhi aliimba akifagia, akamsifu Makucha hadi kwa muuza maji.

Wiki zikapita. Mbwa akanenepa. Kidoti akanyamaza. Kwanza aliacha kuuliza maswali, halafu akaacha kuamkia watu. Akawa anakula ameinamia sahani, mikono chini. Na harufu... harufu ya manyoya yaliyolowa, hata akitoka kuoga.

"Anakua tu," msusi alijiambia.

Jumapili moja, karibu na magharibi, alimkalisha katikati ya magoti amsuke. Akafumua. Nywele zikabaki mkononi.

Fungu zima.

Chini yake palikuwa na nyingine. Fupi, zilizolala, za kahawia. Vidole vya msusi vilikuwa vimeshika vichwa vya kila aina, lakini hizi havikuzijua. Akamwinamisha mtoto kichwa, akatazama chini ya sikio la kushoto.

Alama haikuwepo.

"Kidoti," aliita.

Mtoto hakugeuka.

Aliyegeuka ni mbwa, kule mlangoni. Akaja mbio, akampandia mapajani. Katikati ya masikio yake kulikuwa na kishungi cha nywele laini, za kujisokota. Hizo vidole vilizijua. Vilizisuka tangu zilipoota. Msusi akafunua sikio la kushoto...

Punje ya ulezi.

Hakuvaa hata viatu. Alimtia mbwa kikapuni, akakimbia hadi kwa bibi, akagonga kwa ngumi.

"Mchukue! Nirudishie mwanangu!"

"Nikurudishie kutoka wapi, mama? Si umembeba mwenyewe?"

Mbwa alitoka kikapuni, akampanda kifuani, akamkaba shingo kwa miguu miwili. Alikuwa anatetemeka. Msusi akakaa chini palepale mlangoni.

"Na yule niliyemwacha nyumbani?"

"Alitupwa mtaroni yule. Alitaka pa kulala tu. Usimpige."

"Bibi, nakuomba. Nifanyeje?"

Bibi aliinama hadi sikioni kwake. Pumzi yake ilinuka maziwa.

"Makucha alikuleta wewe. Jioni uliyokuja, wake, yule wa miguuni pake, alisema. Alimwita mama, akazungumza naye mpaka giza lilipoingia. Anayeleta mwenzake hupewa jioni moja."

"Moja? Halafu?"

Mlango ulishafungwa.

Majirani wanaambiwa Kidoti anaumwa. Yumo chumbani, chini ya kitanda, amejikunja, na mtu akipita karibu na dirisha hunusa. Mbwa hukaa saluni, juu ya kigoda alichozoea kukalia Kidoti, mguu mdomoni, macho kwa mama yake mchana kutwa.

Juzi aliingia mteja mgeni, binti mbichi, macho mekundu kwa kukesha.

"Nisuke chapuchapu, dada. Katoto kangu hakalali. Kanalia usiku kucha, eti kuna mtu chini ya kitanda."

Kitana kilisimama. Kule kwenye kigoda, mbwa aliacha kunyonya. Akainua kichwa.

Msusi alimtazama. Akatazama na dirishani, jua limebaki kiasi gani. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa taulo la wateja, akaushika upya mkononi msuko alioukatiza.

"Pole, shoga yangu," alisema taratibu. "Nguo zake za kulalia, umeshazifua?"